Jogoo Mweupe na Uzi Mwekundu

Bwiza, Bujumbura
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, mguu umeunyoosha kama ulivyoagizwa, si jikoni umeinama juu ya kinu. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyoituma ilifika, au imeishia kwenye mgongo wa mtu njiani? Na dada, kile kifua chake cha majira ya baridi kimepoa?

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimenenepa kidogo, suruali ile ya kijivu uliyonishonea nimeitanua kiunoni. Milio ya bunduki bado tunaisikia, mara nyingi ya huko milimani, lakini soko linafunguliwa, watoto wanakwenda shule, na mtu anaweza kupanga jambo la mwezi ujao asionekane ana wazimu. Kwa hapa hiyo si neema ndogo.

Sasa nijibu ulichouliza. Juma lililopita nilikuwa bandarini, nikaitwa na mpagazi mmoja wa boti la mizigo, mtu wa Gungu, jirani na kwetu Ujiji. Akanivuta pembeni kama anayeleta habari ya msiba. "Mama yako anauliza," akasema, "kama ni kweli umegeuka mganga. Anasema mjomba wako hatavuka ziwa kuja kukuposea mke mpaka apate jibu kwa mwandiko wako mwenyewe." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikatembea kurudi nyumbani, na kabla sijafika soko la Jabe kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilikuona akilini umekaa na neno hilo moyoni, humwambii mtu, unaswali na kulirudia. Iliniuma, Mama.

Mimi si mganga. Sipigi ramli, sigangi mtu, sivunji ndoa ya mtu. Ninafunga manyoya kwenye ndoano za wavuvi, basi. Lakini sikatai kwamba jirani yetu aliyekuletea habari aliona kitu huku. Ngoja nikueleze kilivyoanza, ucheke na wewe.

Unakumbuka nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka hapa Bwiza. Vita viliponoga watu waliacha kushona nguo mpya. Waliniletea viraka, na baadaye hata viraka wakaanza kushona wenyewe. Ndipo jeshi likakataza kuvua usiku na taa. Wavuvi wa taa na nyavu wakabaki wameshika tama, na waliotaka kula ikabidi warudie mshipi, mchana kweupe. Mmoja wao, Bukuru, Mrundi mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akaja kibarazani na ndoano zake kwenye kopo la maziwa. "Fundi, we unajua uzi," akasema. "Unifungie manyoya hapa. Mukeke anakulaka manyoya." Mukeke ndiye yule samaki wetu mgebuka, Mama, hapa wanamwita hivyo.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unalaza manyoya mawili membamba ya jogoo juu ya ndoano, unazungusha uzi, unakaza, unakata. Mvuvi anazipanga ndoano hizo kwenye mshipi mmoja, anaushusha na kuupandisha majini, na mgebuka anadhani ni dagaa wanakimbia. Mimi kwa ufundi wangu wa magauni nikazipamba. Nilitia manyoya rangi ya bluu na ya manjano, nikafunga kwa uzi wa zambarau, nikazipanga kwenye kitambaa. Wateja wa viraka walisimama kuzitazama. Bukuru alizirudisha kesho yake bila hata jino la samaki kuzigusa.

"Fundi, hii umefanya ya harusi," akaniambia. "Mukeke ameikimbia. We unaangaliaka kwa jicho yako. Angalia kwa jicho ya samaki."

Akaagiza beseni la maji, akatumbukiza moja. Mama, ule uzuri wote ukaisha hapo hapo. Manyoya yakanywea, uzi wa zambarau ukawa mweusi, kikabaki kitu kama nzi aliyekufa. Tangu siku hiyo beseni halitoki miguuni pangu. Kitu chochote nikikiokota nakitia majini kwanza, ndipo nakiamulia.

Na ninaokota. Ukifungua kabati langu la vyombo hutapata sahani, sahani ziko chini ya kitanda. Kabatini kuna manyoya ya jogoo, ya shingo mbali, ya kiuno mbali. Kuna nyuzi nilizochomoa kwenye magunia ya nailoni, zile nyeupe zinazong'aa, kwa sababu miaka ya vikwazo vya biashara boti za kwetu zilikuwa adimu na uzi mzuri haukuwepo, nikajifunza kufumua. Kuna karatasi za fedha za pakiti za sigara, nazikata nyembamba kama tambi. Kuna nta ya nyuki ya kupaka uzi usiteleze, na chupa za rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kugandishia fundo. Nilipoinunua mara ya kwanza muuzaji aliniuliza ni ya mke wangu au ya nani, nikajibu ni ya samaki, akaacha kuniuliza. Na kuna ndevu za beberu mweupe. Ndevu za beberu zikilowa zinanyooka na kutikisika vizuri sana, wewe acha tu.

Taabu yangu kubwa ilikuwa manyoya. Huku kama huko kwetu, kuku akishachinjwa anatiwa maji ya moto ndipo anyonyolewe, na unyoya uliopikwa haufai tena, unalegea na kujikunja. Mimi nataka ule wa shingoni, unyonyolewe mkavu. Basi Idi ilipokaribia nikapita mlango kwa mlango, Bwiza hii mpaka Buyenzi. Nikibisha, nikitoa salamu, naomba kwa adabu zote: "Mama, mkichinja, shingo ya jogoo msiitie maji ya moto. Niwekeeni manyoya yake. Kama ni jogoo mweupe, nitashukuru zaidi."

Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, nawaza ndoano tu. Haikunipitia akilini mtu anayefunguliwa mlango na kuombwa manyoya ya jogoo mweupe anafikiri nini.

Wa kwanza kuniambia alikuwa Salha. Ndiye yule mjane niliyekuandikia habari zake, anayeuza nyuzi, vifungo na zipu katika soko la Jabe. Wakati ule nilikuwa namjua kwa kununua tu. Nikamwomba kibunda cha uzi mwekundu, kwa sababu Bukuru aliniambia dagaa akiwa anakimbia matamvua yake yanaonekana mekundu, na mgebuka anauma hapo. Salha akafunika bidhaa yake na kanga.

"Apana," akasema. "Mi siuzake uzi mwekundu kwa wapfumu."

Nikamuuliza mpfumu, yaani mganga, ni nani hapa. "Ni we. Kartiye yote inasema, mutaa muzima. Jogoo mweupe, ndevu ya mbuzi, na sasa unatafuta nyekundu. Inabakia nini? Fuvu?"

Nilikuwa na ndoano moja nimeichomeka kwenye kofia. Nikamwonyesha. Aliigeuza, akaagiza kikombe cha maji kwa jirani yake muuza chai, akaichovya, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kuchovya nyuzi zake mwenyewe, moja moja, kana kwamba mimi nimekwishaondoka. Uzi mweupe wa pamba ukilowa unapotea na chuma cheusi kinajitokeza, hilo sikuwa nalijua. Hariri inabaki na rangi yake. Yule mwanamke alisimamisha biashara yake kwa ajili ya ndoano moja, akinikaripia kwamba uzi niliokuwa natumia ni wa kushonea magodoro. Nilitoka pale nimeshampenda. Tangu hapo ndiye anayenichagulia, na kilicho kizuri ananifichia chini ya meza.

Lakini maneno yalikuwa yameshatembea. Siku moja akaja dereva wa lori, mtu mzima, baba wa watoto, anayepanda na mizigo kwa ile barabara ya milimani ambako magari yanavamiwa. Akakaa mbele yangu, akanyoosha mkono. "Unifungie moja hapa," akasema. "Ile ya kuzuia risasi."

Nikamwambia mimi nafunga za samaki. Akajibu, "Wote wanasemaka vile." Hakuwa akitania, Mama. Aliendelea kuunyoosha mkono ule. Nikamtilia chai. Tukanyanyua mikono, nikamwombea dua ya msafiri ile uliyokuwa ukinisomea mimi, naye akaitikia amina, ingawa ni Mkristo. Akaondoka hajaridhika.

Akarudi salama. Akaja mpaka mlangoni kwangu, asubuhi watu wote wako nje, amebeba jogoo mweupe, ananishukuru kwa sauti. Nilimwambia mara mbili kwamba ni Mungu, si mimi. Yeye akacheka na kunikonyeza, majirani wakatazamana. Ningefanya nini? Kumrudishia jogoo ningemvunja moyo. Na manyoya yale ya shingoni, Mama, sijapata kuona mazuri namna ile, marefu, membamba, hayana hata doa. Nadhani habari iliyokufikia ilipanda boti siku hiyo.

Ijumaa iliyofuata sheikh wa msikiti wetu akaniita baada ya sala, mbele ya wazee. Akaniambia nilete vitu vyangu vyote, nikaleta kikapu. Sikukawia, kwa kuwa mtu akiitwa mchawi katika mji wenye hofu kama huu, haifai kungoja kuona kitakachofuata. Nikamwaga vyote kwenye mkeka. Wazee wakasogea nyuma. Sheikh akashika ndevu za beberu, akashika uzi mwekundu, akashika rangi ya kucha, akanitazama. Nikaomba ndoo ya maji. Nikafunga ndoano moja mbele yao, nikaifunga kwenye kipande cha mshipi, nikaishusha na kuipandisha ndani ya ndoo.

Mwadhini wetu aliwahi kuwa mvuvi. Akaja akainama juu ya ndoo. "Ndagala," akasema, ndivyo wanavyomwita dagaa hapa. "Sheikh, angalia, ni ndagala yenyewe." Basi wazee wote wakataka kuishusha na kuipandisha, wakanyang'anyana mshipi, wakalowana kanzu. Sheikh akacheka mpaka akafuta macho. Akaniambia niache kuzunguka kwenye milango ya watu, na siku ya Idi, baada ya sala, akatangaza mwenyewe kwamba anayechinja jogoo amwekee fundi wa Ujiji manyoya ya shingo, makavu. Nilipata kikapu kimejaa mpaka kikafanya kilemba juu.

Huo ndio uganga wangu. Wavuvi wananingoja, Bukuru ameniletea jamaa zake wote, cherehani imekuwa meza ya kuwekea beseni.

Nilidhani basi nimemaliza, nikamwambia Salha kwamba nitakuandikia haya yote, mjomba atavuka, posa itafika. Alikuwa anazungusha uzi kwenye kibunda, hakuacha. "Mi sitajibu posa ya mujomba," akasema. "Mama yako akiwa na mashaka, ile mashaka itakuja kukaa na mi ndani ya nyumba. Atavuka mwenyewe. Ataona hiyo kabati, ataonana na mi pia. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema apana, mi nitaendelea kukuuzia uzi."

Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Karatasi hii inaweza kukujibu kuhusu uganga, lakini haiwezi kukuonyesha yeye, na mimi sitaki kuoa mtu ambaye hujamridhia.

Mama, tangu vita vianze nimekuandikia neno moja: usije. Uliniomba uje niliponyamaza miezi mingi, nikasema usije. Baba alipofariki ukasema huwezi kukaa kwenye nyumba ile peke yako, nikakwambia kaa, usije. Nililia nikiandika, lakini niliandika. Leo naandika njoo. Panda boti la mchana, mjomba akusindikize, ukae upande wenye kivuli kwa ajili ya goti lako. Sikwambii kwamba pamekuwa peponi. Nakwambia nimepima, na ningekuwa na hofu nisingekuita.

Nisalimie dada na watoto wake, mjomba na biashara yake ya chumvi, shangazi aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano, na jirani yetu wa upande wa kisima, mwambie simkasirikii kwa habari aliyoileta, angalau imekufanya uniulize. Bukuru na sheikh wanakusalimu. Salamu za Salha siziandiki hapa. Amekataa. Amesema atakupa mwenyewe bandarini, ukishashuka.

Ni mimi mwanao nikuombaye radhi,
Hamisi