Koili Tatu za Murongo

Nyabiyonza, Karagwe
4 Juni 1988

Mwanangu Kokwijuka,

Hujambo huko Mwanza? Sisi wazima, ila kiuno cha mama yako bado kinamsumbua. Kahawa ndiyo tunaichuma.

Sasa sikiliza. Landrova letu lina ugonjwa ule ule: asubuhi linanguruma, likipata moto mlimani linazima, likipoa linawaka. Wifi yako Anatolia anajifungua mwezi ujao, na mkunga amesema lazima hospitali. Mwaka juzi gari lilitulaza njiani, mtoto akatutoka. Sijasahau hata siku moja.

Nimepata koili tatu, zile za kuipa injini cheche, kwa Placidius, muuza vipuri wa Murongo. Moja inang'aa kama sufuria mpya. Nimeijaribu alfajiri, cheche safi, hiyo ndiyo nitakayofunga. Nakuarifu tu, kwa kuwa uko gereji. Watu hapa nimewaambia unasoma cherehani, usije ukaniumbua ukija likizo.

Tata yako,
Ndyamukama

Mwanza
13 Juni 1988

Tata mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kiuno. Mimi mzima, mikono tu ndiyo haitakati grisi.

Tata, usiifunge! Umeijaribu alfajiri, na baridi yote ile ya kwetu. Koili mbovu ikiwa baridi hujifanya nzima. Ikipata joto ndipo waya za ndani huachana. Tena koili haichaguliwi kwa kung'aa.

Kwanza soma maandishi kwenye mkebe wa koili. Yenye neno rezista iweke kando, ni ya magari mengine, kwetu itaungua. Zilizobaki zitie kwenye mfuko wa nailoni, zikae nusu saa kwenye maji ya moto yasiyochemka, kichwa kibaki kikavu. Kila moja ifunge garini ingali ya moto, waya mnene utokao kichwani mwake uushike kwa kijiti kikavu karibu na chuma, mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia, hiyo ndiyo koili. Ikiwa ya njano au haipo, mrudishie Placidius.

Najua ninachosema. Niamini kwa hili moja. Na cherehani, Tata, sina.

Binti yako,
Kokwijuka

Hospitalini
19 Julai 1988

Mwanangu,

Hujambo? Huku kwema, tena kwema sana.

Barua yako ilikaa mfukoni siku tisa. Nilijisemea, nimeendesha gari kabla huyu hajazaliwa, leo anifundishe kupika koili! Mama yako ndiye aliyeinjika maji, kwenye sufuria yake ya ndizi. Akasema, "Kiburi chako tulishakilipia mwaka juzi." Nikazileta koili.

Ya rezista tuliiweka kando. Ile inayong'aa ilipotoka majini haikutoa cheche hata moja. Hata moja, Kokwijuka! Nilikaa chini. Ile yenye kutu, niliyopewa kama nyongeza, ikapiga buluu mpaka mbwa akakimbia.

Juzi Jumapili uchungu ukaanza. Kaka yako Yustus alimshika mkewe, mimi usukani. Pale lilipozima mwaka juzi sikupumua. Halikuzima. Tumepata mtoto wa kike, ana sauti huyo! Anatolia mzima.

Jirani yetu Cassian yuko hapa, pikapu yake inazima ikipata moto. Kaniuliza fundi wetu ni nani. Nikamwambia, binti yangu wa Mwanza.

"Si ndiye yule anayeshona?"

Nikamjibu, "Huyo hajawahi kushona hata kifungo."

Baba wa fundi,
Ndyamukama