Sufuria za Mama

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi. Kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku hatujambo, na mimi bado naongea kuishinda redio.

Habari njema ni kwamba sufuria za mama za alumini zimetakata. Jirani yetu fundi vyombo alinikuta nikizikwangua kwa sifongo ya chuma, akacheka, akasema nazichuna bure. Akanielekeza nijaze maji, nitie vipande vya limau, nichemshe robo saa, kisha nisugue kwa kitambaa laini. Weusi ukatoka, kaka, hadi nikaiona pua yangu. Vimebaki vishimo chini, na hivyo havitoki.

Mama alifurahi mno. Akasema basi ni zangu, maana najua kutunza vitu, si kama yule mwanamke aliyeziharibu. Tulikuwa mezani, nikalirudisha tonge sahanini.

Kaka, si wifi aliyeziharibu. Ni mimi. Mwaka juzi, mama alipolazwa kwa ajili ya macho, nilitaka akirudi azikute zinameta. Zilikuwa na ule utando wa kijivu tu, wa uzee. Nikaziloweka kwenye dawa ya unga ya kuzibulia mabomba, nikijiona mjanja. Zikatoa povu, zikawa nyeusi tii. Mama aliporudi alimshukia wifi, kwa kuwa jikoni ilikuwa zamu yake, akamwambia amekuja kuharibu kumbukumbu za marehemu baba. Nilikuwa nimesimama pale pale, na mdomo wangu wote huu ukakosa neno. Mwezi haukuisha, mkahama, na mama hajakanyaga kwenu hadi leo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba wifi alijua. Vidole vyangu vilibabuka kwa dawa ile, na yeye ndiye aliyenipaka mafuta bila kuniuliza kitu. Mama alipokuwa akifoka, wifi aliitazama mikono yangu, kisha akaomba radhi kwa kosa langu. Naona haya, kaka. Naona haya sana.

Msomee wifi barua hii yote, usiruke hata mstari. Sidai anisamehe.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Chai yake aliiacha ikapoa. Kisha akaniuliza ngazi za kwenu ni ngapi, maana magoti yake siku hizi hayamtii. Nijibu upesi, anasubiri.

Akusalimuye kwa mapenzi na majuto,
Mdogo wako