Tulipokata Televizio

Kisangani, avril 2001

Papa Annette,

Tuko na uzima, na samaki ya Yanonge inafika tena sokoni. Kama vile ulisema, nilikata abonnement, ile malipo ya kila mwezi, ya televizio na telefone, juu zilikuwa zinakula faida ya duka. Leo tunasemeshana kwa phonie tu, ile redio ya kusemea mbali, na kule kila mutu mwenye kungojea zamu anasikia. Ndiyo maana nilikuambia, na ile neno ya kukupa zamu ya kusema: "Annette iko muzuri, à vous."

Bon. Televizio ilipokatwa, université nayo imefungwa, Annette alifuata filme zake kwa maaskari, ng'ambo ya barabara. Sasa iko na mimba, na askari mwenyewe alishahamishwa. Ile faida tulichunga inaniuma.

Ukiniita kwa phonie, usiulize kitu. Sema tu unarudi.

À vous.

Mama Annette