Kwa Mama Chiriku, Aliyeitafuta Homa Isiyo na Vijidudu

Mama Chiriku,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile muuguzi alipotoka wodini akavua barakoa, nami nikajua kabla hajafungua kinywa. Nyumba ina watu wale wale kasoro mmoja, na imekuwa kubwa kupita kiasi.

Tumekaa mezani, mimi, watoto na mama yangu, tukakubaliana tukuandikie. Kila mmoja ana lake la kukuambia, ila kalamu nimeshika mimi, kwa hiyo mwandiko uvumilie kama ulivyouvumilia siku zote.

Tuna hamu nawe. Mimi nina hamu hata na kile kikohozi chako cha uongo, cha kunijulisha kwamba redio imezidi sauti. Watoto wana hamu na asubuhi ulizokuwa ukizunguka nyumba nzima ukiuliza nani kachukua miwani yako, na sisi tumebana vicheko, maana iko kichwani. Mama yangu anasema hajapata tena mtu wa kumbishia vizuri kuhusu chumvi.

Majirani walikuita Daktari, wakakuletea matumbo yao na magoti yao. Kila mara uliwaeleza kwamba wewe si daktari wa kutibu, ni mtafiti wa maabara. Halafu ukavaa viatu ukawasindikiza hadi zahanati, ukakaa nao kwenye foleni.

Tulikutana kwa sababu ya jokofu. Mimi ni fundi wa majokofu, na lile kubwa la maabara yenu lilikuwa limegoma. Nilikukuta umesimama mbele yake umekunja mikono kama mtu anayelinda mlango.

"Fundi, humo ndani mna kazi yangu ya miaka," ulisema. "Tafadhali usilizime."

"Dada, limeshazimika lenyewe."

Ulinitazama kwa hasira, kisha ukacheka hadi ukashika ukuta. Tukahamisha vichupa vyako pamoja, vidole vikiuma kwa baridi, na ndipo nikakuuliza mna nini humo. Ukaniambia: protini. Nikadhani unazungumzia maharage.

Ulinieleza tena na tena, na baadaye watoto walipokua ukawaeleza wao, huku unakula umesimama. Kwamba kila seli ya mwili ina protini chungu nzima, na kila moja ina kazi yake. Seli ikitaka kubadilisha kazi ya protini fulani, huibandika alama, na alama yenyewe ni protini nyingine ndogo sana. Ikibandikwa hivi, protini hukaa mahali pake na kuita wenzake. Ikibandikwa vile, hupelekwa kuvunjwavunjwa. Vijidudu vikiingia, alama hizo huungana kuwa minyororo, na mwili huwasha ule moto wake: uvimbe, wekundu, joto, maumivu.

"Na nani anazibandua?" aliuliza mwanao mkubwa, mdomo umejaa wali.

"Hilo ndilo swali ninalolipwa mshahara kuliuliza," ulimjibu.

Vipo vimeng'enya vya kuzibandua, ulisema. Visipofanya kazi yao, mwili huendelea kuwaka na adui hayupo. Seli ambazo zingeishi huanza kufa, nyingine kwa kupasuka na kumwaga yaliyomo ndani, na huo umwagikaji huongeza uvimbe juu ya uvimbe. Ulisema hivyo ukachukua kipande cha mwisho cha samaki, na sisi tukaendelea kula. Hatukujua kwamba jambo hilo lingekuja kukaa nasi.

Kitinda mimba wetu tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea mapema na hakuona sababu ya kuacha. Ndiyo maana homa yake tuliijua kwa ukimya. Akinyamaza tu, unaweka mkono kwenye paji la uso wake, na joto lipo. Magoti yalivimba. Vidonda vilijaa mdomoni. Siku kadhaa zikipita anapoa, anasema maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba, kisha homa inarudi.

"Hayo ni meno," alisema mama yangu.

"Mama, meno yake yote yameshaota," ulimwambia.

"Basi yanakaza mizizi."

Tulicheka siku hiyo. Baadaye hatukucheka. Hospitali walimpa antibiotiki, wakabadilisha, wakampa nyingine kali zaidi. Walipima damu, mkojo, kifua, na kila jibu lilirudi safi. Ilifika siku mtoto hakuweza kumeza hata maji kwa ajili ya vidonda, akawa anayatemea kwenye bakuli huku anakutazama wewe.

Nakumbuka ulivyomwambia daktari wa watoto, kwa sauti ya chini, kwenye kile chumba chenye picha za twiga ukutani: "Daktari, vijidudu mmevitafuta mkavikosa. Je, kama havipo?"

Naye akaweka kalamu chini. "Nami nimeanza kujiuliza hivyo hivyo, mama. Tutazame vinasaba vyake."

Kipimo hicho hospitali haikuwa nacho. Maabara yenu ilikuwa nacho. Nilikushika mkono pale kwenye ukumbi, nikashindwa kushusha sauti.

"Mashine iko kwako, mtoto ni wako. Unangoja nini?"

"Mtoto ni wangu, ndiyo maana siwezi kuyaamini macho yangu," ulijibu. "Nikipima mimi, nitaona ninachotaka kuona. Halafu atachomwa dawa kwa kosa langu."

Ulimpelekea sampuli mwenzako wa maabara ya jirani, yule mrefu tunayemwita Mlingoti, imebandikwa namba tu bila jina, katikati ya sampuli nyingine. Halafu ukaanza kungoja kama mzazi yeyote. Uliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Ulikunja nguo za mtoto, ukazikunjua, ukazikunja. Sijakuona ukiwa na nguvu kuliko siku hizo, na sijakuona ukiwa umechoka kuliko siku hizo.

Mlingoti alikuja mwenyewe nyumbani, akainama mlangoni kama kawaida yake. Kufikia hapo alikuwa ameshaambiwa namba ile ni ya nani, na uso wake haukuweza kuficha.

"Kimeng'enya cha kubandua alama," alisema. "Mwili wake unatengeneza nusu tu."

Ulikaa chini sakafuni, palepale uliposimama. Nilidhani umezimia, kumbe unacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu sasa kitu hicho kilikuwa na jina na dawa yake ilikuwapo.

Tukapimwa na sisi wazazi. Mimi sikuwa na hitilafu hiyo. Wewe ulikuwa nayo. Uliposoma karatasi, uligusa mdomo wako kwa ulimi upande wa ndani, pale vilipokuwa vikikutoka vidonda tangu utotoni. "Kumbe haikuwa chai ya moto," ulisema. Ukaikunja karatasi. "Mimi imenipitia kwa mbali tu. Imeenda kumkamata mwanangu."

Dawa ya Chiriku ni sindano inayomzuia mjumbe mmoja, yule anayepeleka habari za moto kutoka seli hadi seli. Baada ya sindano za mwanzo magoti yalinywea. Halafu siku moja tuko kwenye foleni ya famasi, akaanza: mbona yule baba ana soksi mbili tofauti, mbona dawa haziuzwi kwa rangi, mbona twiga hakohoi. Hakunyamaza mpaka tukafika nyumbani. Nilitaka kumwambia apumzike kidogo, ukanifinya goti.

"Usimkatize," ulininong'oneza. "Muache aongee."

Tulikuwa na miaka mizuri baada ya hapo, Mama Chiriku. Tunataka wanaosoma kumbukumbu hii wajue hivyo. Watoto wa watu wengine waliletwa kwenye kliniki ya yule daktari wa watoto kwa sababu ya maswali yako, na mama zao bado wananisimamisha njiani.

Kisha kikaja kile kikohozi ambacho hakikuwa cha uongo. Mapafu yalipata maambukizi, na mwili wako ulipoanza kupigana nayo haukujua kuacha. Wodini ulinieleza kinachotokea ndani yako kwa ufasaha, huku unatafuta pumzi, mpaka nikakuomba usiwe kazini kwa siku moja. Ukatabasamu. Ukamwita Chiriku karibu ukamwambia asiruke sindano yake, wala asitumie ugonjwa wako kama kisingizio. Ulimwambia kaka yake amwache aongee. Uliushika mkono wangu huu wenye makovu ya kuchomelea mabomba ya shaba, ukauweka shavuni kwako.

Baada ya mazishi Chiriku aliuliza: "Mbona hawakumpa mama sindano yangu?"

Mlingoti ndiye aliyemjibu, amechuchumaa mbele yake. "Mama yako alikuwa na vijidudu kweli kweli. Ule moto wa mwili ndio uliokuwa ukipigana navyo, na ndio huohuo uliokuwa ukimuumiza. Ukiuzima wote, vijidudu vinashinda. Madaktari walikuwa wakitafuta namna ya kuupunguza bila kuuzima. Hawakuwahi."

"Kwa hiyo hamjui bado."

"Hatujui bado," alisema. Hakumdanganya, nasi tulimshukuru. Wanafunzi wako wanaendelea na kazi hiyo, na yule uliyekuwa ukimwita Mzembe sasa ndiye wa kwanza kufika asubuhi.

Wiki iliyopita Chiriku alijichoma sindano mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikataa msaada wetu wote. Aliosha mikono, akabana ngozi ya paja, akahesabu kimoyomoyo, akaisukuma hadi mwisho. Kisha akainua kichwa, uso wote umewaka furaha, akaita kuelekea chumbani kwetu:

"Mama! Nimeweza!"

Sote tulisikia. Bibi yake aliacha kijiko ndani ya kikombe.

"Nilisahau," alisema polepole.

Kaka yake akamsogezea pamba, akakaa naye sakafuni.

Sisi sote husahau, mke wangu. Tunaita, halafu ndipo tunakumbuka.

Wanaokukumbuka kila siku: mumeo, wanao wawili, kaka mtu na Chiriku, mama mkwe wako, dada zako na wifi zako, Mlingoti, na wote wa maabara.

Hatutaacha kukukumbuka, na hatutaacha kukuita.