Kidonda cha Mdomo wa Baba Pacha

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshinda! Miezi mitatu namsihi mume wangu aende zahanati, leo kakubali mwenyewe. Si kwa ajili yangu, tusidanganyane. Mluzi umemshinda. Amefika mlangoni, akakunja midomo atuite kama kawaida yake, ukatoka upepo mtupu — fyuuu! Pacha wetu wamecheka mpaka wakakaa chini. Baba yao naye akacheka, halafu akagusa kile kidonda cha mdomo wa chini kisichopona, akasema keshokutwa twende.

Jumatano, 5 Machi
Zahanati. Nesi ni msichana mdogo, lakini macho makali! Akamuuliza kazi yake. Kupiga dawa kwenye nyanya, miaka kumi na tisa. Nozeli, ile ncha ya bomba inayorusha dawa, ikiziba unafanyaje? Baba Pacha bila aibu akamwonyesha: unaifungua, unaitia mdomoni, unapuliza! Akajisifu kabisa, eti shamba zima hakuna anayezibua haraka kama yeye. Nesi akaweka kalamu chini.

Akatueleza taratibu. Kuna dawa za shamba ambazo zikiingia mwilini miaka na miaka zinaweza kuleta saratani. Na jua la kutwa nzima nalo si rafiki wa mdomo. Si lazima iwe hivyo, alisema, lakini kidonda kisichopona hupimwa. Tumepewa barua ya hospitali kubwa.

Njiani nilimfokea. Miaka yote hii nabusu mdomo, kumbe nashirikiana na nozeli! Akacheka, mshenzi. Nami nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali kubwa. Wamekata kinyama kidogo mdomoni wakapime. Kashonwa nyuzi mbili. Majibu baada ya wiki mbili. Daktari kamwambia asicheke sana. Mtu gani huyo wa kukatazwa kucheka!

Jumanne, 11 Machi
Kaenda kazini na mswaki wa zamani mfukoni. Nozeli imeziba — mswaki na maji, basi. Wenzake wamemwita Daktari wa Meno siku nzima. Msimamizi wao, tunayemwita Bwana Haraka, kagomba kwamba kazi inachelewa. Jioni nani kabisha hodi kwangu? Bwana Haraka! Eti anapita tu. Kakaa, kazungukazunguka, mwisho kauliza kwa sauti ya chini: doa la sikioni nalo linapimwa wapi?

Jumapili, 16 Machi
Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa sana.

Ijumaa, 21 Machi
SI SARATANI! Si saratani, si saratani! Kidonda kitapona akiacha kupuliza, avae kofia pana, arudi aonwe baada ya miezi sita. Baba Pacha akajaribu mluzi pale pale kwenye korido. Ukatoka! Umekwaruzakwaruza, lakini umetoka. Mlinzi akaja kutunyamazisha, akaishia kucheka na sisi. Mimi nimelia mbele za watu, na sijali.

Tukasema tupitie zahanati, tumpe nesi habari njema. Kapiga makofi jamani, kama ndugu yetu. Halafu akauliza: na ovaroli unazovaa ukipiga dawa, nani huzifua?

Mke wangu! Baba Pacha kajibu kabla sijafungua kinywa. Anafua kwa mikono yake, kila jioni, zinatakata utadhani mpya. Waulize shamba zima, hakuna anayevaa safi kama mimi! Miaka kumi na tisa!

Nesi hakucheka. Akanigeukia mimi. Huwa nazifua mbali na nguo nyingine? Nikasema hapana, beseni moja na nguo za nyumbani, na sare za pacha. Maji nayaonea huruma. Akaniuliza mara ya mwisho nilipimwa lini. Mimi? Mimi nilikuwa msindikizaji tu!

Katoa kadi mpya. Kaandika umri wangu.

Naandika haya kwenye benchi nje ya chumba chake. Moyo bado una furaha, kweli kabisa. Baba Pacha kaushika mkoba wangu kwa mikono miwili, hata mluzi hapigi. Nimemwambia asinikodolee macho hivyo, sijafa. Hakucheka. Ananiuliza kama pacha nao tuwalete kesho, au leo leo wakitoka shule.

Mlango umefunguka. Nesi anasema nije, nikunje mikono ya gauni anipime. Ngoja ni —