Kikombe cha tatu chini ya mcheri

Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, na mimi silisadiki. Wiki iliyopita liliwaka hivi hivi, nikatoka na kikoti chepesi, na saa nane mchana theluji ikanikuta kituo cha basi. Jua la Aprili huku ni kama mgeni anayeleta zawadi kubwa kupita kiasi. Unapokea, lakini unamwangalia mikono.

Hata watu wamebadilika. Majirani ambao tangu Novemba walikuwa wakitazama viatu vyao kwenye lifti, sasa wanatabasamu. Wanataka nini?

Binti yangu Ineza alikwenda mjini juzi kupiga picha kwenye micheri, ile miti ya maua ya waridi, yeye na nusu ya Stockholm. Amerudi na mafundisho: kwa Wajapani maua hayo ni ukumbusho, yanachanua siku chache yanapukutika, na maisha ya mtu ndivyo yalivyo. Nikamwambia sisi Warundi hilo tulilijua bila maua.

Lakini nimekaa hapa kuandika habari za Gunilla.

Gunilla ni mama mzee wa Kiswidi, mlango wake unatazamana na wangu. Miaka sita tumezungumza mambo ya zamu za chumba cha kufulia cha jengo tu. Alhamisi akabisha hodi. Aliniomba nishuke uani Jumamosi, saa nane, tunywe kahawa chini ya mcheri wetu, maana umechanua.

Kwetu jirani akitaka kukuona anaingia tu. Anayekupa siku na saa ana jambo. Kwa hiyo siku mbili hizi nimepekua makosa yangu yote. Labda niliacha manyoya ya nguo kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Labda ni nyimbo zetu za Jumapili, tukitoka kanisani na kujazana sebuleni kwangu.

Nikampigia Mama Furaha, rafiki yangu Mkongo anayesafisha ofisi kule Kista. "Muzungu hawezi kukuita bule, dada," akasema. "Iko na karatasi fulani. Usitie sahihi popote." Ineza, ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula, alisema mama mzee anataka kunywa kahawa tu.

Hakuna mtu anayetaka kahawa tu.

Basi leo nimeshuka saa nane kamili, nimevaa kama ninakwenda mahakamani. Nakiri: kwenye simu nilikuwa na picha ya chujio la mashine, safi kabisa, niliyoipiga jana kama ushahidi.

Chini ya mti palikuwa na meza ndogo, chupa ya kahawa, mikate ya mdalasini, na vikombe vitatu. Nilipoona kile cha tatu nikajua anakuja mtu wa ofisi ya nyumba. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Maua yalituangukia kichwani, na Gunilla alizungumzia maua. Nikangoja karatasi. Haikutoka. Mwishoni uvumilivu ukaniishia, nikamwuliza nani mwingine anakuja.

"Hakuna," akasema. "Hicho ni cha Lennart."

Lennart ni mumewe, yule mzee mrefu aliyekuwa akinishikia mlango wa chini nikirudi na mizigo. Alifariki Januari, akaniambia. Kila mwaka mti ukichanua walikuwa wakinywa kahawa pale, wawili.

"Niliogopa kukaa peke yangu," akasema. "Na maua hayangoji. Nikakuambia mapema ili upate nafasi ya kukataa."

Januari. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua tatu.

Niliona kwamba mzee haonekani. Nikajiambia amekwenda Hispania, kama wastaafu wa huku wanaokimbia baridi. Mimi, niliyelelewa kwamba msibani hatualikwi, tunakwenda, tunapika, tunakaa na wafiwa hata kama hatuna la kusema. Mwanamke amelia miezi mitatu nyuma ya ukuta wangu, na mimi nilikuwa nalinda zamu yangu ya kufua. Nimeona aibu, na bado ninayo ninapoandika.

Nilimwambia pole kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi kilikuwa kimenikimbia. Hakuniuliza maana yake. Alinisogezea mkate mwingine, nikala.

Mama Furaha amepiga jioni hii kuuliza kama nilitia sahihi. Nimemweleza yote. Amesema ningoje, karatasi itakuja. Nimecheka, lakini simlaumu. Jana ningesema hivyo hivyo.

Kesho baada ya ibada nitapika ndizi na maharage, nivuke hatua hizo tatu, nibishe bila kumpa siku wala saa. Najua atakavyofungua: nusu mlango, akijiuliza huyu jirani wa miaka sita leo anataka nini.

Nitamjibu nini?