Dirisha la Upande wa Owuor

Migosi, Kisumu
Jumapili, mwezi wa sita

Mke wangu Mama Atieno, Nyar Katito, binti wa Katito,

Wewe na hilo goti lako mmeamkaje? Mimi ni mzima, na meno yangu yaliyobaki, yote manne, yanakusalimu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatudanganya na tumbo? Omena ya ziwani uliyoanika ilikauka kabla mvua haijaiona? Nijibu hayo yote, lakini kwanza nijibu hili: Owuor alikuwa anafanya nini ndani ya nyumba yangu saa tisa mchana?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umejaza kurasa mbili, Owuor umemtaja mara saba, mimi mara mbili, na moja kati ya hizo iko juu ya bahasha. Unasema alikuja kukunyooshea mlango wa kabati, akakukuta unajipepea na sahani. Fundi wa mashua, amefiwa na mke, na sasa amekuwa daktari pia! Eti akakwambia nyumba yetu inakula jua lote la alasiri kwa mlango na kwa dirisha, ndiyo maana kichwa kinakugonga na presha haishuki. Eti litobolewe dirisha kwenye ukuta wa kaskazini, chini ya mabati, huko jua halitaingia na upepo utapita. Fremu atachonga mwenyewe, bure. Unaniomba ruhusa kwa sababu mwanaume hagusi ukuta wa boma la mwenzake mpaka mwenyewe aseme. Asante kwa kukumbuka kwamba boma lina mwenyewe.

Kaskazini! Mama Atieno, kaskazini kuna nini? Kuna mihogo, kuna ua, halafu kuna Owuor. Dirisha likitoboka hapo, kila ukiinua kichwa kutoka kwenye sufuria utamwona anaranda mbao zake, na yeye atakuona. Nilichukua karatasi nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Chini yake nikaandika: funga lile pazia jekundu nililokununulia, jua litabaki nje.

Lakini kabla sijampa utingo wa basi la kuja huko kwetu Usenge hiyo barua, nikafikiri. Wewe umefika darasa la saba, mimi niliishia la nne, na neno langu tupu hujawahi kulikubali. Nikaona nikutafutie ushahidi wa kumwaibisha Owuor.

Hii ploti ninayoilinda ina safu mbili za vyumba. Safu moja madirisha yake yanatazama magharibi. Nyingine yanatazama kaskazini, na mabati yamechomoza mbele kama hatua moja. Kila safu ina chumba kimoja kisicho na mpangaji. Nikachota mafuta ya kupikia, yale meupe ya kuganda, kijiko kimoja kwenye kisahani hiki na kimoja kwenye kile. Cha kwanza nikakiweka chumba cha magharibi, nikavuta pazia. Cha pili nikakiweka chumba cha kaskazini, dirishani hakuna hata kitambaa. Nikakaa nje kwenye ndoo nikingoja Owuor ashindwe.

Kufika saa tisa, mafuta ya magharibi yalikuwa yameanza kung'aa. Baada ya nusu saa yalikuwa supu. Nikashika pazia, linaunguza kama pasi. Hapo nikaona ujinga wangu. Pazia liko ndani, na jua likishavuka kioo limeshaingia nyumbani. Pazia linalimeza tu, halafu linaanza kukitapikia chumba joto. Nikakimbia kaskazini. Mafuta yamekaa kitako pale, meupe, yananicheka.

Nilifanya nini? Nilikisukuma kisahani nje ya dirisha kiende kwenye jua. Sista wa chumba cha pili, yule nesi wa hospitali, akanifuma.

"Mzee, mbona unaanika mafuta?"

"Nafanya utafiti."

"Wa nini?"

"Wa mke wangu. Kuna mtu anataka kumfungulia dirisha la kaskazini."

"Si amfungulie! Mimi nilikaa ile safu ya magharibi mwezi mmoja. Nikitoka zamu ya usiku nilale mchana, ni kama nimelala kwenye tanuri la mkate."

"Ngoja mwezi wa sita jua lihamie kaskazini. Utakuja kunililia hapa."

"Mzee, huu ndio mwezi wa sita."

Nikatazama juu. Kweli jua lilikuwa limeelemea upande huo, lakini lilikuwa bado juu, na kivuli cha mabati kimefunika dirisha lote. Sista akacheka mpaka akashika mlango.

"Na huyo mtu, ana sura nzuri?"

"Sura kama nyundo."

"Sasa unaogopa nini?"

Nikaokota kisahani changu nikaondoka. Nakujibu wewe.

Siku tuliyoanzisha boma, baba yangu mdogo alisimama kwenye majani akasema lango litazame kaskazini, liende na njia. Nikasema hapana, nataka kuona ziwa. Uongo mtupu. Ziwa la nini, mimi nisiyejua hata kuogelea? Kaskazini alikuwako Owuor, na shangazi yako alishakunywa chai ya posa yake kabla sijafika mimi. Basi nikaligeuza lango magharibi. Na kwetu nyumba ya mke lazima itazame lango, kwa hiyo mlango wako na dirisha lako vikatazama pale jua linapoangukia. Ukuta wa kaskazini nikauziba makusudi. Padri wako anasema jua liliumbwa na Mungu. Sawa, lakini kulielekeza kichwani kwako miaka yote hii ni kazi ya mikono yangu. Nilitaka kumziba Owuor macho, na aliyeiva ni wewe.

Ile HAPANA nimeichana. Ijumaa nashuka Usenge, nimeomba siku nne. Fremu ipokee. Aiache uani, anywe maji, aende. Tindo na nyundo nashika mimi. Na dirisha la magharibi nitalitundikia mikeka ya mafunjo kwa nje, nimesema kwa nje, ili jua lisigonge kioo. Hilo Owuor hakuliwaza. Mwambie. Mpaka nifike, mchana kaa nyuma ya nyumba, usijipikie humo ndani.

Msalimie ndugu yangu wa pale ufukweni, na dada yangu mwenye mdomo, ila hii barua usimsomee. Atieno akija na mumewe, mwambie baba yake hajafa. Owuor naye msalimie, salamu fupi. Mwambie Jumamosi asubuhi atazame huku kwetu. Dirisha likishatoboka, mtu wa kwanza atakayemwona ndani yake ni mimi, na nitakaa hapo mpaka achoke kuangalia.

Ni mimi mumeo,
Ogola